Maporomoko, meli za vipande na reli ya Kisumu

Wasomaji wangu, leo nataka kuandika kuhusu kitu ambacho vijana wengi wanaoandika programu hukicheka bila kukijua vizuri. Ni ile njia ya zamani ya kutengeneza programu hatua kwa hatua, iliyopewa jina la maporomoko ya maji. Mimi nitaiita mtindo wa maporomoko. Ukikaa na watengenezaji programu hapa Kisumu, iwe ni kwenye mafunzo au kwenye samaki pale ufuoni, taja neno hilo uone watu watakavyotabasamu, kana kwamba umesema unatumia disketi. Lakini serikali, mabenki na wafadhili wakitangaza zabuni, mara nyingi mtindo wanaotaka ni huo huo. Kwa hiyo, tuupende tusiupende, unatulisha. Naona ni vyema tujue ulitoka wapi, una nguvu gani, na unavunjikia wapi.

Kwa wale ambao si watu wa fani hii, nitaeleza kwa kifupi. Kwanza unakusanya mahitaji ya mteja, unayaandika, anatia sahihi. Kisha unasanifu mfumo wote kwenye karatasi. Kisha unaandika msimbo. Kisha unajaribu kama unafanya kazi. Mwisho unakabidhi, na unabaki na matengenezo. Kila hatua ikiisha, mlango wake unafungwa. Maji yakishateremka hayapandi tena, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Mtu akija katikati ya kuandika msimbo akasema amekumbuka hitaji jipya, jibu ni moja: ungesema wakati ule.

Haya, jambo hili lilianza lini? Mwaka 1956 Mmarekani Herbert Benington alitoa mada akieleza jinsi walivyotengeneza programu za SAGE, mfumo wa kulinda anga la Marekani uliotumia kompyuta zenye ukubwa wa jumba zima. Alieleza hatua zikifuatana moja baada ya nyingine. Halafu mwaka 1970 Winston Royce, aliyekuwa ameongoza kazi za programu za vyombo vya anga za juu, alisoma mada yake katika mkutano wa wahandisi wa WESCON. Mwanzoni mwa mada hiyo kuna mchoro wa visanduku vinavyoshuka kama ngazi. Mchoro huo ndio uliotembea dunia nzima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo historia inapochekesha. Royce mwenyewe hakutumia neno maporomoko. Neno hilo lilikuja kuchapishwa mwaka 1976 katika mada ya Bell na Thayer. Na muhimu zaidi, mara tu baada ya kuuonyesha mchoro ule, Royce alisema kwamba ukiufuata hivyo ulivyo unajitafutia hasara, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni kabisa, na hapo ndipo unapogundua kwamba usanifu wako haufai. Sehemu kubwa ya mada yake inaeleza namna ya kuutibu. Mojawapo ya tiba zake ni kujenga mara mbili: kama kazi ni ya miezi 30, tenga kama miezi 10 hivi ya kutengeneza mfano mdogo, jifunze kutoka kwake, ndipo ujenge kile cha kweli. Naye Benington, mada yake ilipochapishwa upya mwaka 1983, aliandika utangulizi akikumbusha kwamba kabla ya SAGE yenyewe walikuwa wamejenga mfano wa majaribio wenye maagizo 35,000 ya kompyuta. Kwa maneno mengine, wale wanaoitwa mababa wa mtindo huu wote wawili walijenga mara mbili, au walishauri watu wajenge mara mbili. Walionakili wakachukua mchoro na kuacha maelezo. Wizara ya ulinzi ya Marekani ikaja na kanuni yake ya mwaka 1985, DOD-STD-2167, ambayo wakandarasi wengi waliisoma kama amri ya kufuata ngazi bila kurudi nyuma. Ilibadilishwa baadaye, na mwaka 1994 ikaja nyingine iliyolegeza kamba, lakini kufikia hapo mchoro ulikuwa umeshaingia kwenye vitabu vya vyuo na kwenye fomu za zabuni, mpaka huku kwetu.

Labda unajiuliza Kisumu inaingia wapi hapa. Inaingia sana. Mji huu umejengwa na miradi miwili ya hatua kwa hatua, meli na reli, na yote miwili inaeleza ninachotaka kusema kuliko kitabu chochote cha programu nilichowahi kusoma.

Tuanze na meli. Tatizo lilikuwa hivi: ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mto wa kupandisha meli kutoka baharini. Ukitaka meli kubwa Nyanza lazima uijenge ziwani. Lakini mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na karakana ya meli pale, wala chuma, wala mafundi wa kazi hiyo. Ndipo Waingereza wakafanya kile walichokuwa wamezoea kufanya kwa maziwa ya mbali. Meli ilisanifiwa na kuundwa Paisley, Scotland, katika karakana ya Bow, McLachlan. Iliunganishwa kwa bolti, si kwa ribiti. Ikishasimama na kuonekana kila kipande kinakaa mahali pake, vipande vinapigwa namba, meli inafunguliwa yote, inapakiwa kwenye masanduku, inasafirishwa hadi Mombasa, inapelekwa bara, na ufuoni inaunganishwa upya, safari hii kwa ribiti.

Hebu angalieni jinsi hii inavyofanana na maporomoko. Mahitaji, usanifu, uundaji, majaribio, makabidhiano. Na hapa mtindo ulifaa kweli kweli. Kwanza, gharama ya kurudi nyuma ilikuwa ya kutisha: bamba moja likikosewa, barua inakwenda Scotland kwa meli na bamba jipya linakuja kwa meli. Pili, kitu chenyewe kilijulikana. Karakana ile ilikuwa na uzoefu wa meli nyingi, na kanuni za kuelea hazibadiliki ukitoka Scotland kuja Winam. Tatu, mafundi wa ziwani hawakuwa na nafasi ya kuuliza maswali, kwa hiyo michoro na namba zilipaswa kujibu kila kitu. Mahali kama hapo ukija na habari za kubadilisha usanifu kila wiki mbili utafukuzwa, na utakuwa umestahili.

Lakini mmeona jambo jingine? Ile meli ilijengwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa bolti, ili ikosolewe nyumbani ambako kukosoa ni rahisi. Mara ya pili kwa ribiti, ambako kukosoa ni ghali. Sijui kama Royce aliwahi kusikia habari za meli za Kisumu, lakini ushauri wake wa 1970 wale watu wa Paisley walikuwa wameshauishi.

Sasa udhaifu. Ya kwanza katika hizo meli za mvuke za hapa iliitwa William Mackinnon, jina la mwanzilishi wa kampuni ya Imperial British East Africa. Vipande vyake vilifika Mombasa katikati ya miaka ya 1890, reli ikiwa bado haijafika popote. Vikabebwa kwa vichwa vya wapagazi na kwa mikokoteni. Vipande vikatapakaa njiani. Meli haikuingia majini mpaka mwaka 1900. Chuma kilikuwa sawa, michoro ilikuwa sawa, namba zilikuwa sawa. Kilichoshindikana ni kile ambacho mpango ulikichukulia kuwa jambo dogo, yaani barabara. Mtu wa Paisley angeweza kukuambia unene wa kila bamba, lakini njia ya kutoka pwani kwenda ziwani hakuna aliyeijaribu kwa mzigo wa namna ile. Reli ilipofika, Winifred ikaingia majini mwaka 1902, na dada yake Sybil ikafuata muda mfupi baadaye, zote kutoka karakana ile ile. Meli zilikuwa za aina ile ile ya vipande. Njia ndiyo iliyokuwa tofauti.

Njia hiyo ya vipande iliishi muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Victoria, meli iliyojulikana sana na wazee wetu wa ufuoni, iliundwa na Yarrow huko Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa hapa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 ilibaki upande wa Tanzania, na mwaka 2020 ilirudishwa kazini Mwanza baada ya kukarabatiwa. Ni programu ngapi zilizoandikwa juzi zitadumu miaka 60? Ndiyo maana nasema msicheke haraka.

Tuje kwenye reli. Hapa mambo yanakuwa magumu zaidi, na kwangu mimi matamu zaidi.

Kapteni J.R.L. Macdonald alipima njia ya reli mwaka 1891 na 1892. Kazi yake ndiyo iliyokuwa waraka wa mahitaji, tukitumia lugha ya fani yetu. Ilionyesha njia ya maili 657 hivi kutoka Mombasa hadi ziwani, na mwisho wake haukuwa Kisumu. Ulikuwa Port Victoria, kwenye ghuba ya Berkeley, kule Busia karibu na mpaka wa sasa wa Uganda. Bunge la Uingereza likaidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, na ujenzi ukaanza Mombasa mwaka huo huo. Mahitaji yametiwa sahihi, bajeti imepitishwa, jenga!

Mhandisi mkuu, George Whitehouse, angeweza kujenga kilichoandikwa. Hakuna mtu London angemlaumu kwa kufuata waraka. Lakini wakati mataruma yakiendelea kutandikwa huku nyuma, njia ya mbele ilipimwa upya, na mwaka 1898 ikaonekana kwamba reli inaweza kuvuka Mau na kushuka kwenye bonde la Nyando hadi kwenye ghuba ya Winam, njia fupi kuliko ile ya Busia. Mwisho wa reli ukahamishwa. Mji ambao haukuwa kwenye waraka, ukaitwa Port Florence, ndio tunaokaa leo. Reli ilipomalizika ilikuwa na maili 582, yaani kilomita 937 hivi.

Nawaomba mlitafakari hili kidogo. Kisumu ipo kama jiji la bandari kwa sababu mtu alifungua upya waraka uliokwisha kutiwa sahihi. Mahali hapa palikuwa pa kubadilishana vyakula tangu zamani, na ndiko wengi wanakosema jina la Kisumu linatoka, lakini bandari, karakana na steseni vililetwa na uamuzi ule. Port Victoria ilibaki mji mdogo wa wavuvi. Kama Whitehouse angekuwa msimamizi wa mradi wa aina fulani ninayoijua, reli ingeenda Busia, ripoti ingesema mradi umefuata mpango kwa asilimia mia, na sijui mimi ningekuwa naandika haya kutoka wapi.

Kuna la pili. Reli ile ilijengwa mara mbili, kama meli. Pale Bonde la Ufa, kwenye mteremko wa Kikuyu, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye reli ya muda mpaka mwaka 1901, wakati njia ya kudumu ikiendelea kujengwa. Kuelekea huku magharibi ya Mau walitandika njia za muda zinazozunguka mabonde, ili vifaa vipite kwenda mbele, huku yale madaraja 27 marefu ya chuma yakisubiriwa. Madaraja hayo yaliletwa na American Bridge Company ya Marekani, jambo lililowaudhi baadhi ya Waingereza, lakini Wamarekani walikuwa na bei nafuu na muda mfupi zaidi. Reli ilipogonga ufuo wa ziwa Desemba 1901, na mke wa mhandisi Ronald Preston, Florence, akapiga msumari wa mwisho, kazi haikuwa imekwisha. Kazi za kudumu ziliendelea mpaka 1903. Leo tungesema walizindua toleo la kwanza lenye viraka, likaanza kufanya kazi, kisha wakarekebisha.

Na kuna vitu ambavyo kwa makusudi hawakuvigusa tena. Upana wa reli, mita moja, uliamuliwa mapema ili injini na mabehewa ya India yaweze kutumika, na hapo hapakuwa na mjadala tena. Ilikuwa sahihi kabisa kufunga mlango huo. Huwezi kubadilisha upana wa reli ukiwa Voi. Upana ule umeishi zaidi ya miaka 120, hata reli mpya ya SGR iliyofika Suswa mwaka 2019 ilibidi ikabidhiane mizigo na ile ya zamani. Katika programu zetu pia kuna maamuzi ya namna hii: namba ya kumtambulisha mteja, jinsi ya kuhifadhi pesa na senti, tarehe. Hayo kaa chini uyaandike mapema na uyafunge kwa kufuli. Anayesema eti tutaona mbele ya safari huyo hajawahi kuhamisha kumbukumbu za miaka kumi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Bei yake? Bunge liliombwa pesa zaidi, na mwisho gharama ilipita pauni milioni 5. Na hiyo ni bei ya pesa tu. Wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India. Kati yao 2,493 walifariki na 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au walemavu. Ukisoma habari za reli hii utaambiwa sana kuhusu simba wa Tsavo wa mwaka 1898, lakini kwa idadi simba wale ni sehemu ndogo sana ya vifo hivyo.

Na njia mpya iliyofupisha safari ilikuwa na wenyewe. Ilipita pembeni mwa nchi ya Wanandi, ambao hakuna mtu aliyewauliza chochote, si katika upimaji wa kwanza wala wa pili. Wanandi waling'oa bolti na kukata nyaya za simu, wakavitumia kwa silaha na mapambo, na kushambulia vituo. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa vita baada ya vita, mpaka Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa kwa kupigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika kile kilichoitwa mkutano wa amani. Baada ya hapo Wanandi walihamishwa mbali na reli. Kwenye vitabu vya wahandisi haya huandikwa kama usumbufu wa njiani. Mimi nayasoma kama hitaji kubwa kuliko yote ambalo halikuandikwa, na wenye njia yao ndio waliolipa. Mtindo wa maporomoko una tabia hii mbaya: hatua ya kwanza ndiyo peke yake inayouliza watu, kwa hiyo asiyeulizwa siku ile hana siku nyingine. Ila tusidanganyane, hata mtindo mwingine wowote haungewasaidia Wanandi, maana aliyekuwa anajenga hakutaka kuwauliza.

Basi turudi kwenye kompyuta. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa, pamoja na wenzangu wawili, kuandika programu ya kurekodi samaki wanaoshushwa katika fuo fulani za upande huu. Sitamtaja mteja. Waraka wa mahitaji ulikuwa umeshaandikwa na mshauri aliyelipwa vizuri kutuzidi sisi watatu, ukatiwa sahihi Nairobi kabla hatujaitwa. Waraka mzuri, wenye jalada la plastiki. Ulisema kila mzigo wa samaki urekodiwe kwa kilo.

Kwa mbuta hakuna shida, kwa sababu viwanda vinanunua kwa kilo na mizani ipo. Lakini siku ya kwanza tulipofika ufuoni mama mmoja anayeuza omena alituuliza, "Wanangu, kilo ya omena mimi nitaitoa wapi?" Omena huuzwa kwa debe, kwa karai, kwa ndoo, na sokoni kwa gorogoro. Debe la omena mbichi na debe la omena kavu si uzito mmoja hata kidogo. Tuliandika barua tukaomba sehemu ya kipimo iongezwe kwenye fomu. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: mahitaji yamefungwa, mabadiliko yanahitaji kamati. Karani wa ufuo akawa anakadiria kilo kwa macho. Takwimu zilizofika juu zilikuwa nadhifu, zina desimali mbili, na hazikuwa na maana yoyote kwa omena. Msimu ulipokwisha karani alirudi kwenye daftari lake, na sikumlaumu. Wanaoumia ni wavuvi, maana takwimu hizo ndizo zinazotumiwa kusema ufuo upi una samaki na upi hauna.

Msidhani mteja alikuwa mjinga. Amefungwa pia. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inasema mabadiliko yote ya mkataba yasiongeze bei kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya mwanzo, na kila badiliko lipitie kwenye kamati ya tathmini. Sababu yake inajulikana na kila Mkenya: bila kufuli hiyo, mkandarasi anashinda zabuni kwa bei ya kutupwa halafu anaongeza kidogo kidogo mpaka inafika mara tatu. Hii ni nguvu nyingine ya maporomoko ambayo vitabu vya ajaili havipendi kuitaja. Ajaili, kwa wasioijua, ni ile mitindo ya kujenga kidogo kidogo na kumwonyesha mteja kila wiki mbili, iliyopata ilani yake mwaka 2001. Ni mitindo mizuri mahali penye uaminifu. Waraka uliofungwa unalinda pesa za umma mahali ambapo uaminifu umekwisha. Kwa hiyo nikiambiwa tuyatupe maporomoko nauliza, na wezi tutawazuia na nini?

Mfano wa waliofanikiwa tunao mfukoni. M-Pesa ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 na watu wachache wa Nairobi na Thika, kwa lengo la kulipia mikopo midogo. Katika jaribio hilo ilionekana watu wanaitumia kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango, hasa kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ni huduma ya kutuma pesa nyumbani. Ni yale yale ya Royce: mfano mdogo kwanza, kisha kitu cha kweli. Na kitu cha kweli kilipojengwa, kilijengwa kwa nidhamu ya benki, kwa sababu kwenye pesa za watu hakuna mchezo wa kubadilisha hesabu kila wiki mbili.

Kwa hiyo mimi siku hizi sibishani kuhusu majina. Zabuni ikija na ngazi zake tano naijaza. Ila nagawanya bei mara mbili, na hili sheria hailikatazi. Sehemu ya kwanza ni ya bolti: wiki sita, programu ndogo isiyopendeza, watu wa ufuoni au wa dukani wanaitumia kwa kazi yao halisi, na malipo yake ni kando hata kama itatupwa. Sehemu ya pili ni ya ribiti, na hiyo iwe na waraka, sahihi, kamati na kila kitu wanachotaka. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoandika waraka wa sehemu ya pili, si mshauri.

Kati ya wateja wanne niliowapelekea mpango huo, wawili waliufuta ule mstari wa kwanza kwa kalamu nyekundu, kwamba hawawezi kulipia kitu cha kutupwa. Mmoja bado anafikiria tangu Februari. Wa nne ni chama kidogo cha wauzaji omena, hawana kamati wala jalada la plastiki. Walisoma, wakaulizana kwa Kijaluo kwa muda mrefu, mwenyekiti wao akaniambia wiki sita ni nyingi, nipunguze. Tukakubaliana wiki nne. Naanza Jumatatu, na fomu yangu ina sehemu ya debe, karai, ndoo na gorogoro, na alama ya kuonyesha kama omena ni mbichi au kavu.